Homa Iliyohama Vitanda

Mama Godelive alikuwa muuguzi wa upasuaji mjini Bunia kwa miaka ishirini na mitatu, na kabla ya vita alikuwa na jambo moja la kujivunia, ingawa hakulisema mbele ya watu. Wagonjwa wake hawakupata homa ya sonde. Sonde ni ule mpira mwembamba unaopitishwa katika njia ya mkojo mpaka kibofuni, kwa mtu asiyeweza kukojoa mwenyewe, nao unabaki humo siku nyingi ukishikiliwa na puto dogo la maji. Wauguzi wengi waliuweka wakausahau. Yeye alibandika kipande cha plasta kwenye paja la mgonjwa, akaandika tarehe juu yake, na kila asubuhi alipoingia pavillon, ile wodi yake, alitazama mapaja kabla ya nyuso. Madaktari vijana waliotumwa kujifunza walimcheka. Aliwaambia kwamba wadudu hupanda na huo mpira kila siku unapokaa, basi kama hauna kazi tena utoke leo, usingoje kesho.

Alizaliwa upande wa Irumu, katika familia ya wafugaji, na masista ndio waliomfundisha kazi. Mumewe alifariki mapema kwa ugonjwa wa ini, wakiwa hawajapata mtoto, na tangu hapo aliishi mtaa wa Nyakasanza katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na dada yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na vidole vilivyochakaa kwa sabuni.

Vita vilipoanza mwaka 1999 vilikuwa mbali, huko Djugu, na mwanzoni hospitali ilivisikia kwa majeraha tu. Waliletwa watu waliokatwa kwa panga, kisha waliopigwa mishale, kisha waliopigwa risasi. Baadaye malori yakaacha kuja. Kabati la Godelive, ambalo zamani lilijaa maboksi, likabaki na hewa. Glovu zilioshwa zikaanikwa kwenye kamba kama soksi za watoto.

Kitu kimoja hakikukosekana, nacho ni vidonge. Sokoni, wachuuzi walitembea na masinia vichwani, vidonge vya rangi mbili vimepangwa kama peremende, tetracycline na ampicilline, wakiuza kimoja kimoja. Mtu akikohoa alimeza viwili. Akihara alimeza vitatu. Akipata nafuu kidogo aliweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto. Hospitalini mambo hayakuwa tofauti sana: aliyeumia alipewa dawa iliyokuwapo, si ile iliyofaa, na dawa ilipokaribia kwisha siku saba zikawa nne. Godelive aliona haya yote. Aliona pia kwamba vidonda vilivyokuwa vikikauka kwa juma moja sasa vilitoa usaha kwa mwezi mzima, na kwamba sindano alizoziamini tangu ujana wake zilikuwa kama maji matupu.

Siku aliyotumia sonde ya mtu kwa mtu mwingine aliikumbuka vizuri. Ilikuwa mwaka 2002. Aliletwa mzee mmoja aliyezibwa mkojo kwa siku mbili, tumbo limekaza, analia bila aibu mbele ya wakwe zake. Sonde mpya hazikuwapo. Godelive alichukua ile iliyotolewa kwa mgonjwa aliyekwisha rudi nyumbani, akaisugua kwa sabuni, akailoweka katika beseni la maji ya javel, ile dawa ya kung'arishia nguo na kuulia wadudu, akaichemsha dakika ishirini, akaiweka. Mzee alinyamaza papo hapo, akalala kama mtoto. Baada ya huyo akaja mwingine. Plasta za tarehe hazikuacha kubandikwa mapajani, ila tarehe ile ikawa ya siku mtu alipowekewa, si ya umri wa mpira.

Kisha mipira yenyewe ikaanza kumshinda. Ikichemshwa mara nyingi, puto lililo kwenye ncha lililegea na kupasuka ndani ya mgonjwa, na sonde ikatoka. Kuni nazo zilipungua, kwa sababu wanawake waliokwenda kuzitafuta nje ya mji hawakurudi wote. Mwezi wa pili mwaka 2003 Godelive aliacha kuchemsha. Alibaki na sabuni na beseni la javel tu. Hakuna aliyemwamuru, na hakuna aliyemkataza.

Mwezi uliofuata akaletwa mwalimu Osée.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umri wa miaka thelathini na minne, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole. Risasi ilimpata mgongoni akiwa anavuka barabara na mke wake, Abigaël, wakikimbia mapigano, na haikujulikana ilitoka upande gani. Dokta Vital, kijana ambaye ndiye mpasuaji pekee aliyebaki, alisafisha kidonda, nacho kikapona vizuri ajabu. Lakini miguu haikusogea tena, na kibofu nacho kilikufa pamoja na miguu. Kabatini palikuwa na sonde mpya moja, ya mwisho. Godelive alimwekea Osée hiyo, akabandika plasta, akaandika tarehe.

Abigaël akawa garde-malade wake, maana hospitalini mgonjwa hulishwa na kuoshwa na ndugu yake, na usiku ndugu hulala chini kwenye mkeka. Watoto wao wawili walikuwa kwa bibi yao. Osée hakulalamika sana. Alimfundisha kusoma mgonjwa wa kitanda cha jirani kwa kutumia maandishi ya kwenye katoni ya seramu, yale maji ya dripu, na alipoona daktari ameandika neno la Kifaransa vibaya kwenye fishi yake, ile karatasi ya matibabu, alilisahihisha kwa penseli.

Wiki ya tatu sonde ile ikaziba. Godelive aliitoa. Katika beseni zilikuwamo tatu, zote zimekwisha kupita kwa watu. Alichagua iliyoonekana safi kuliko nyingine, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kitanda cha mwalimu kikaanza kutikisika. Abigaël alidhani ni bomu la mbali. Ilikuwa baridi ya homa. Meno yalikuwa yakigongana na mikono ikirukaruka juu ya shuka. Godelive aliangalia mfuko wa mkojo, akaona mkojo mzito, wenye rangi ya maji ya mchele. Wakampa ampicilline na gentamicine. Siku tano, homa haikujali. Wakampa ciprofloxacine, homa ikapungua siku mbili, ikarudi na nguvu zaidi. Dokta Vital akatoa ceftriaxone, dawa ambayo hospitali iliifungia kwa kufuli kwa sababu baada yake hapakuwa na nyingine. Godelive aliichoma kwa mikono yake, mara mbili kwa siku, bila kuruka hata saa moja. Kila siku saa nne asubuhi kitanda kilitikisika vilevile.

Jérôme wa maabara aliweka tone la mkojo ule chini ya hadubini yake, ile iliyotumia kioo na mwanga wa jua. Akasema anaona fito nyingi mno, ndio wadudu wenyewe, zinacheza. Kuona aliweza. Kujua zinaogopa dawa gani hakuweza, kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji kuwapanda wadudu katika sahani maalumu na kuwajaribu kwa dawa moja moja, na sahani hizo Bunia hazikuwapo. Basi wakajaza mkojo katika chupa ndogo, wakaitia kwenye thermos yenye barafu waliyoomba parokiani, na ndege ya watu wa misaada ikakubali kuipeleka Kampala pamoja na barua ya dokta. Ilikuwa katikati ya mwezi wa nne. Jibu lingekuja ndege nyingine itakaporudi, na ndege zilirudi zilipoweza.

Wakingoja, homa ikahama. Ilikwenda kitanda cha tatu, kwa Kahindo, muuza vitenge aliyevunjika nyonga. Ikaenda kitanda cha saba, kwa mzee Mumbere aliyezibwa na tezi dume. Godelive alisimama katikati ya pavillon akahesabu. Wagonjwa kumi na wanne, watatu wana sonde, watatu wana homa. Wale kumi na mmoja wengine walikuwa na vidonda na njaa na woga, lakini hawakutetemeka saa nne.

Alimbadilishia Osée sonde yake, akaenda na ile ya zamani kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango, akaipasua kwa mkasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani kulikuwa na utando wa kuteleza, kama ule ulio juu ya jiwe la mtoni, na ndani ya utando chembe ngumu kama mchanga. Aliukwangua kwa ncha ya mkasi. Haukutoka wote. Akachukua nyingine kwenye beseni, iliyokuwa ikingoja mgonjwa, akaipasua pia. Utando ulikuwamo, mwembamba zaidi, lakini ulikuwamo. Javel ilipita juu yake tu, na dawa zote walizochoma zilipita juu yake vilevile, na wadudu wakakaa chini ya utando wao wakijifunza kuzistahimili.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa akijua, hilo ndilo lililomwumiza. Masista walimfundisha kuchemsha. Aliacha kuchemsha kwa sababu zilizoeleweka na kila mtu, na sababu zile hazikubadilisha chochote ndani ya mpira.

Kesho yake, Abigaël alipokwenda kupika sombe, majani ya muhogo, kwenye jiko la nje, Godelive alivuta kiti karibu na kitanda cha mwalimu.

"Mwalimu, niko na kitu ya kukuambia. Ile homa, ni mimi nilikuletea."

Osée alimgeukia. "Ni weye ulinipiga risasi?"

"Hapana."

"Basi nielezee polepole, kama vile unaelezea batoto ba première primaire."

Akamweleza yote, kama kwa darasa la kwanza: sonde ya mwisho mpya, beseni, kuni, puto linalopasuka, utando aliouona. Hakujitetea. Osée alisikiliza hadi mwisho, macho darini.

"Kama ungeniachaka bila mupira, ingekuwa namna gani?"

"Kibofu ingejaa. Mukojo ingerudia ku figo. Ungekufa zamani."

"Na nikiwa na mupira?"

Godelive alitazama mfuko wa mkojo kando ya kitanda. Mwalimu akafuata macho yake, akaelewa. Alimwomba asimwambie Abigaël jambo hilo, kwa sababu Abigaël alikuwa anamwamini, na pale hospitalini hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini.

Palikuwa na njia moja ambayo Godelive aliikumbuka kutoka kwa sista mmoja mzee. Badala ya kuuacha mpira ndani, mtu huupitisha, mkojo ukatoka, kisha akautoa, mara nne au tano kwa siku. Kila mtu na mpira wake, unaoshwa na kuchemshwa, na kwa kuwa haukai ndani hauhitaji puto. Hata ule ambao puto lake limepasuka ungefaa. Dokta Vital alikubali mara moja. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa kumi na wanne asingeweza, basi Godelive akamfundisha Abigaël. Siku ya kwanza mwanamke yule aliuangusha mpira. Siku ya nne aliosha mikono, akapitisha mpira, akapima mkojo kwenye kikombe na kuutoa mpira kwa utulivu ambao wanafunzi wa uuguzi hawakuwa nao. Kuni za kuchemshia mpira mmoja zilipatikana. Abigaël alivunja kigoda chake.

Homa ikashuka. Siku tisa mwalimu hakutetemeka. Alikula bugali na mboga ya lenga-lenga, ule mchicha, akaomba chaki, akauliza kama mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufikia ubao. Godelive alimwambia ubao unaweza kushushwa.

Mwanzo wa mwezi wa tano askari wa Uganda waliokuwa wakiushikilia mji waliondoka Bunia, na kabla vumbi la magari yao halijatua, vita vikaingia mjini. Godelive alikuwa nyumbani Nyakasanza asubuhi ile. Yeye na dada yake walikimbia na kile walichokuwa wamevaa, pamoja na maelfu ya wengine, wakaenda kulala kwenye matope kando ya uzio wa Umoja wa Mataifa. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa. Mara mbili alijaribu kwenda. Mara ya kwanza risasi zilimrudisha. Mara ya pili alisimamishwa na vijana wenye bunduki waliomuuliza jina la kijiji cha baba yake ili wajue kabila lake, na mwanamke mmoja asiyemjua ndiye aliyemvuta mkono na kumwita shangazi yake, wakarudi pamoja. Akakaa kwenye matope siku sita. Kila saa nne asubuhi alifikiria kitanda cha tano, cha mwalimu.

Siku ya saba alifika. Kabati lilikuwa limevunjwa. Maji hayakuwapo kwenye bomba. Watu walilala kati ya vitanda na chini ya vitanda, wengine wazima waliokuja kujificha, wengine wamekwisha kufa na hakuna wa kuwatoa. Osée alikuwa palepale, na Abigaël alikuwa palepale. Waporaji walipoingia siku ya pili walipindua meza, sufuria ya kuchemshia ikamwagika, na mpira wa mwalimu ukakanyagwa chini ya viatu. Kibofu kikaanza kujaa. Dokta Vital, kabla ya kukimbizwa na wenye bunduki, aliokota sonde moja kwenye beseni, akaisuuza kwa maji ya seramu, akaiweka ibaki ndani. Alifanya alichopaswa kufanya. Godelive angefanya hivyohivyo.

Mkojo kwenye mfuko ulikuwa na damu na usaha. Mwalimu alikuwa anaongea na wanafunzi wasiokuwapo.

Siku mbili baadaye Dokta Vital alirudi, na ndege ikatua, na barua ya Kampala ikaja. Ilikuwa karatasi moja. Majina ya dawa kumi na moja yaliandikwa kwa mstari, na mbele ya kila jina herufi. Herufi R ilimaanisha dawa haimwui mdudu. Godelive alishuka na kidole chake: R, R, R, mpaka chini, na ceftriaxone ikiwamo. Mbele ya jina la mwisho tu, imipénème, paliandikwa S, yaani inamwua. Dawa hiyo Godelive hakuwahi kuishika mkononi. Jérôme hakuwahi kuliona jina lake.

Madaktari wa kigeni walikuwa wameanza kufika na kutundika mahema yao. Dokta Vital alikwenda kwao na karatasi mkononi. Walimpokea vizuri. Walikuwa na ceftriaxone nyingi, maboksi mengi, wakampa. Imipénème hawakuwa nayo. Wangeiagiza Ulaya, labda siku kumi, labda kumi na mbili. Alirudi na lile boksi la ceftriaxone, akaliweka mezani, na yeye na Godelive wakalitazama.

Osée aliishi siku tano zaidi. Godelive alibadilisha sonde kwa mpya, kwa kuwa wageni walikuja na nyingi, na mpya ile haikusaidia tena. Wadudu walikwisha ingia kwenye damu. Aliweka vitambaa vya maji kwenye paji la uso, akamgeuza ili asipate vidonda, akampa paracetamol. Alifanya kila kitu ambacho muuguzi hufanya wakati hana la kufanya. Mwalimu alikufa asubuhi, Abigaël akiwa anamwosha uso, na aliendelea kumwosha kidogo kabla ya kutambua.

Katika rejista dokta aliandika: jeraha la risasi. Godelive alimwomba aongeze homa ya sonde.

"Mama, itasaidia nani?" aliuliza Dokta Vital. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa amechoka na macho yake yalikuwa mekundu.

Godelive alichukua kalamu akaandika mwenyewe, chini ya mstari, kwa herufi ndogo.

Dawa ya Ulaya ilifika siku ya nane baada ya maziko. Chupa zilizokuja zilitosha mgonjwa mmoja. Mzee Mumbere alikuwa amekwisha kufa wakati wa mapigano, basi akapewa Kahindo, na Kahindo akapona. Aliondoka hospitalini kwa magongo, akimshukuru Godelive kwa sauti mbele ya watu wote, na Godelive aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Abigaël alikuja kuaga mwishoni mwa mwezi wa sita. Alikuwa anakwenda na watoto kwa ndugu zake, kwa lori lililokuwa likipakia watu karibu na soko. Alileta shuka la hospitali, limefuliwa na kukunjwa. Alisimama mlangoni, halafu akauliza alichokuja kuuliza.

"Mama Godelive, ile siku sita, maji haikukuwa. Nilikuwa namushika ile mupira na mikono chafu, juu mufuko ilikuwa inajaa na nilipashwa kuimwanga. Ni mimi nilimuua?"

"Hapana," alisema Godelive. "Homa ilikuwa ndani zamani. Haikutoka kwako."

Alisema bila kusita, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia wagonjwa kwamba sindano haiumi. Angeweza kumwambia habari ya beseni na kuni. Alikumbuka ombi la mwalimu, akaacha. Na kama mikono ile michafu iliongeza kitu au haikuongeza, hakuna hadubini mjini Bunia ambayo ingeweza kumwambia.

Abigaël aliitikia kwa kichwa, akampa shuka, akashuka ngazi. Godelive alibaki mlangoni hadi mwito ulipotoka kitanda cha tano, ambapo alikuwa amelazwa mgonjwa mpya.